Ndege wa Kilindini

Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu ametuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyozikunjua mbawa zao na kuzikunja, na ametujuza ya kuwa hapana awashikaye wasianguke ila Yeye Mwingi wa Rehema. Watoto wetu wa chuo huihifadhi aya hii mapema, maana sura yenyewe husomwa majumbani na wengi kila usiku kabla ya kulala. Walakini kuhifadhi ni jambo moja, na kutazama ni jambo jingine.

Sisi watu wa Dakawa ndege twawatazama sana, ila twawatazama kwa jicho la ugomvi. Mji wetu uko katika bonde la Mto Wami, kaskazini ya Morogoro, kwenye barabara iendayo Dodoma, na riziki yetu kubwa ni mpunga wa mashamba ya kumwagilia. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea huja kwa makundi mfano wa moshi, na kundi moja laweza kufika mamilioni. Hapo chuoni hubaki nusu ya watoto, maana wengine wako mashambani na makopo na manati, wakipiga makelele tangu alfajiri hata jua kuzama. Hatuwalaumu, wala hatuwalaumu wazazi wao, kwani mpunga ukiliwa hapana ada ya skuli wala kanzu ya Idi. Mara nyingine huletwa eropleni kunyunyiza dawa usiku katika malazi ya ndege hao. Basi mtoto wa Dakawa akisikia neno ndege, hukumbuka jiwe.

Katika watoto waliopita chuoni kwetu yuko mmoja ambaye sasa ni fundi wa picha mjini Morogoro. Riziki yake ni arusi: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hupiga picha za mabibi arusi na mashangazi zao, na katikati ya juma huzisafisha na kuwapa wenyewe. Kijana huyu amepata mapenzi ya ndege. Alianza na wale wa milima ya Uluguru, ambako wako ndege wasiopatikana popote pengine duniani, kama yule chozi aitwaye kwa jina la Loveridge, afyonzaye maua katika baridi ya juu. Kisha akageukia bahari. Akauza pikipiki yake akanunua lenzi ndefu mfano wa mchi wa kinu, na akawa kila apatapo fedha hushirikiana na wenzake kukodi mashua, wakaenda mbali hata bara isionekane, kwa ajili ya kuwatafuta ndege wa kilindini na kuwapiga picha.

Baba yake, mzee mwenzetu, mkulima, alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa amejaa hasira. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, kwamba fedha hizo ni israfu. Ya pili, kwamba kuzitia sura za viumbe katika picha ni jambo la kukatazwa.

Tulianza na ile ya pili, maana ndiyo ya dini moja kwa moja. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Masanamu na sura zichorwazo kwa mkono zina makatazo mashuhuri katika Hadithi. Ama picha ya kamera, Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akaona kuwa kamera hukizuilia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, wala haiumbi kitu. Na wako wanavyuoni wengine wasioikubali hoja hiyo hata leo. Mzee hatukumficha khitilafu hiyo. Tulimwambia kwamba wengi katika zama zetu wamechukua kauli ya ruhusa, na kwamba picha yake mwenyewe iko katika kitambulisho alichokuwa nacho mfukoni.

Ama israfu, tulimwambia hatuwezi kulihukumu jambo tusilolishuhudia. "Basi, Maalim, fuatana naye ukaone," alisema, "na ukirudi uniambie nimezaa mwana au nimezaa mwenda wazimu." Kisha akauliza kama ndege hao wa baharini hula mpunga. Tulipomjibu kuwa hawali, alipoa kidogo.

Ndivyo tulivyokwenda. Tulipanda basi hata Dar es Salaam, tukavuka kwa meli hata Unguja, tukateremka kusini mpaka Kizimkazi. Msomaji ajue kuwa Kizimkazi Dimbani uko msikiti ambao maandishi ya Kikufi katika kibla chake yana tarikhi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Tulisali hapo Alfajiri tukiwa watano: sisi, kijana wetu, wenzake wawili kutoka Arusha walioshiriki gharama, na nahodha. Yalikuwa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na bahari ilikuwa imetulia kama mafuta sahanini. Tukang'oa nanga kuelekea Fungu Kizimkazi, kisiwa ambacho ramani za Kizungu hukiita Latham, kiasi cha kilomita 70 kusini mashariki, peke yake katika maji makuu.

Saa ya kwanza tuliona shakwe wa pwani na buabua wachache, kisha wakakoma. Maji yakabadilika kutoka kijani kuwa buluu, na kutoka buluu kuwa karibu na weusi. Nahodha alisema, "Sasa tuko kilindini, Maalim," bila ya kutazama chombo chochote. Manahodha wa zamani waliyasoma maji namna hiyo hiyo. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa Oman wa karne ya 15, katika vitabu vyake vya ubaharia aliwahesabu ndege pamoja na nyoka wa baharini katika alama za kumjulisha nahodha kuwa amekaribia nchi fulani. Watu hao hawakuwa na lenzi, na maisha ya abiria wao yalitegemea kumtambua ndege mmoja na mwingine.

Hapo kijana wetu alitoa dumu ambalo harufu yake hatutaisahau. Lilikuwa na sifa, yale mafuta ya maini ya papa yapakwayo majahazi, yamechanganywa na matumbo ya samaki. Akawa akiyamwaga kidogo kidogo nyuma ya tezi, yakaacha utando unaong'aa juu ya maji. Alitueleza kuwa wako ndege wa bahari kuu, ambao tundu za pua zao ziko katika mrija mdogo juu ya mdomo, wenye uwezo wa kunusa ajabu. Husikia harufu hiyo kutoka mbali sana, wakaifuata wakikata upepo huku na huku mpaka wakaifikia. Mmoja katika wale wa Arusha alikuwa ameinama ubavuni akitapika, na sisi tukimwomba Mungu atusitiri tusimfuate.

Tulingoja muda mrefu. Ilikuwa kazi ya kungoja khasa, na kijana ambaye chuoni hakuweza kukaa robo saa bila kumfinya mwenzake alisimama kimya karibu saa mbili, kamera kifuani, macho juu ya maji. Alitwambia habari za ndege anayemtamani kuliko wote, ndege wa kahawia iliyoiva karibu na weusi, mbawa ndefu, ambaye Mfaransa aitwaye Jouanin alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Karibu nusu karne nzima ndege huyo alijulikana baharini, akionekana Bahari ya Arabu na pengine mpaka pwani yetu, wala hapana mtaalamu aliyejua anataga wapi. Mwanzoni mwa karne hii ndipo viota vyake vilipothibitishwa katika majabali ya kisiwa cha Sokotra. Fikiri, ndugu msomaji! Sokotra, ambako majahazi ya wazee wetu yalipita karne kwa karne yakienda na kurudi Arabuni, na ndege yumo jabalini usiku na mchana juu ya vichwa vyao.

Siku hiyo huyo hakuja. Aliyekuja ni mwingine, na alikuja bila ya sauti. Tuliona kitu cheusi kidogo juu ya utando wa mafuta, tukadhani ni mbayuwayu aliyepotea. Alikuwa na doa jeupe juu ya mkia, na miguu myembamba aliyoiteremsha ikagusagusa maji kana kwamba anatembea juu yake. "Huyo, Maalim, huyo!" alisema kijana kwa kunong'ona. Ni ndege ambaye Waingereza humwita kwa jina la Wilson. Uzito wake ni kiasi cha gramu 40, haupiti yai moja la kuku wa kienyeji. Huzaliwa katika nchi za barafu za kusini, huko Antaktika na visiwa vya karibu nayo, na baridi ya huko ikizidi huvuka ikweta. Hana bandari ya kutua njiani, wala bawa lake si kubwa.

Hapo tuliona kazi ya kupiga picha ilivyo. Mashua inapanda na kushuka, ndege anapanda na kushuka kwa hesabu yake mwenyewe, na lenzi ndefu humtafuta akawa ametoka. Kijana alilegeza magoti, akaegemeza paja ubavuni mwa mashua, akaacha kiwiliwili cha juu kielee. Kamera aliiweka ifunguke na kufunga kwa sehemu moja ya 2000 ya sekunde. Alituambia kuwa mwenye kutazama kioo cha kamera aone alichopata, hukosa kinachofuata. Alipiga picha karibu 300. Nyingi zilikuwa maji matupu, au ncha ya bawa. Kumi na moja zilikuwa na ndege kamili ndani yake, na mbili zilionyesha hata ngozi ya njano kati ya vidole vya miguu, ambayo ndiyo hoja ya kumpambanua na wenzake. Picha kama hizo, pamoja na tarehe na mahali, hupelekwa kwa wenye kuandika Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Kauli ya mtu kuwa nimemwona ndege fulani kilomita 50 baharini haina shahidi. Picha ndiye shahidi. Sisi tuliosomeshwa sharti za ushahidi hatukuona ugumu wa kulifahamu hilo.

Wakati wa Adhuhuri tulisali na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa ruhusa ya msafiri. Tulijaribu kusimama, na mashua ikatukataza, tukasali tumekaa. Kibla katika bahari ile ni karibu kaskazini barabara, na nahodha aliielekeza omo huko mpaka tukatoa salamu.

Watoto hutuuliza: ndege hawa hunywa nini? Hunywa maji ya chumvi. Juu ya macho yao Mwenyezi Mungu ameweka tezi zinazochuja chumvi katika damu, ikatoka puani matone matone. Wataalamu walilifahamu jambo hilo katika miaka ya 1950. Na hulala wapi? Yuko ndege mkubwa mweusi wa bahari za joto mwenye mkia wa panda, frigeti, ambaye manyoya yake hayazuii maji, hivyo akikaa baharini hulowa. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya waliofungwa vyombo vidogo katika kisiwa cha Europa, mkondo wa Msumbiji: wako waliokaa hewani hata miezi miwili bila ya kutua. Na wengine waliopimwa mwaka huo huo visiwa vya Galapagos walionekana wakilala angani, kidogo kidogo, jumla yake haifiki saa moja kwa siku. Tulipoyasikia hayo katikati ya maji, tulijikuta tunaisoma ile aya ya Suratul Mulk kwa sauti, na kijana akaikamilisha pamoja nasi bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Fungu Kizimkazi tulilinusa kabla ya kulifikia. Ni ubao wa mwamba wa matumbawe na mchanga, urefu kiasi cha mita 300, haunyanyuki juu ya bahari zaidi ya mita chache, wala hauna mti hata mmoja. Na umejaa ndege. Wako buabua wakubwa wenye midomo ya njano na vishungi. Wako wa kahawia wenye vipaji vya kijivujivu. Wako buabua weusi mgongoni na weupe tumboni. Na wako ndege wakubwa weupe, wenye ncha nyeusi za mbawa na uso mweusi kama waliovaa barakoa, ambao wataalamu huwaita sula. Makelele yao ni kama soko la siku ya gulio. Nahodha alituzungusha kwa mbali, maana kijana alikataa tuteremke. Alitufahamisha kuwa ndege akiondoka kwenye yai, jua la mwamba ule hulipika kwa muda mdogo. Sula hana hata matandiko ya kiota. Huliatamia yai kwa kulifunika na ngozi pana za miguu yake.

Kwelea wetu wa Dakawa hutaga mayai matatu kwa kawaida, na hajatimiza mwaka huwa tayari kutaga. Buabua yule mweusi hutaga yai moja. Kinda lake likiruka huondoka kwenda bahari kuu na kukaa huko miaka kadhaa bila kukanyaga nchi, na aghlabu halirudi kutaga mpaka litimize miaka mitano au sita au zaidi. Akisalimika huishi hata kupita miaka 30. Sula hutaga mawili, lakini kinda lililotangulia humwua mdogo wake, likabaki moja. Ndege wa hesabu namna hii hawezi kuchotwa kama achotwavyo kwelea.

Upande wa pili wa fungu tulikuta mashua ya wavuvi wanne. Tukatoleana salamu, wakatukaribisha chai. Kati yao palikuwa na ndoo mbili za mayai. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye adabu nyingi, aliona macho yetu yalipotua, akasema mwenyewe kabla hatujasema: "Sheikh, cha baharini si halali chote?"

Hatukumwambia ni haramu. Kumharamishia mtu kisichoharamishwa ni jambo zito, na mvuvi aliyelala siku tatu juu ya maji, chakula chake kimekwisha, si mtu wa kuhubiriwa na mgeni aliyekuja kutazama. Windo la bahari limehalalishwa katika Suratul Maida, na yai la ndege huyo ni safi. Tulimwuliza jambo jingine: akiwataka jodari, huwajuaje walipo?

"Twatazama ndege," alisema.

"Ndege gani?"

"Hawa hawa, Sheikh. Jodari akifukuza dagaa juu, buabua humwona kabla yetu. Pasipo ndege hatutupi hata mshipi." Akanyamaza. Kisha akacheka kidogo, peke yake.

Tukamsimulia Hadithi iliyomo katika kitabu cha Abu Daud, kwamba Masahaba walipokuwa safarini waliyachukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa karibu na ardhi, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe. Kijana mdogo kabisa katika wavuvi wale aliitazama ndoo, akasema, "Haya hayarudishiki. Hatujui lipi la yupi."

Mkubwa wao alisema neno la kweli pia: "Nikiacha mimi, kesho atakuja mwingine atayaokota." Ni kweli, na sisi hatukuwa na la kumjibu ila kwamba yeye ataulizwa ya kwake. Tulimwona halikumtosha jawabu hilo, nasi kwa haki halikututosha.

Kijana wetu wakati huo alikuwa hasikilizi fiqihi yetu. Alikuwa akiwaonyesha wale wengine kioo cha kamera: sula akiinama juu ya yai lake, jicho la njano, kila unyoya umehesabika. Wavuvi walisogea wakabanana. Watu waliomwona ndege huyo maisha yao yote walikuwa wakiuliza hiki ni nini na kile ni nini, na kwa nini miguu imewekwa vile. Mkubwa wao alitaka apigwe picha yeye na mashua yake, na ndege juu yake. Alipigwa, akatoa namba ya simu, na ndoo zikafunikwa gunia jua lisizipate.

Picha alipelekewa wiki ile ile. Jawabu lake lilikuja baada ya siku kumi, kwa kuwa alikuwa baharini. Alishukuru, akawasalimu wote, akauliza tutarudi lini, na akasema maleleji yajayo tusikodi tena mashua ya yule nahodha. Yeye atatuchukua kwa bei nafuu zaidi, na anajua mahali ambapo wale wadogo weusi wanaotembea juu ya maji hupita karibu kila asubuhi.